Watu Hao Hula Nini?

Saa kumi na mbili jioni, Mombasa, feri ya kwenda Likoni. Umati umeteremka kama kila siku, kila mtu na mzigo wake, na mimi nimebanwa baina ya ukingo wa chuma na kijana mwenye baiskeli, kitabu nimekiinua usawa wa kidevu nipate kusoma. Ni riwaya ya fantasia, ile aina ya falme na mapanga na majoka, kurasa zaidi ya 800. Nilikuwa nimefika ukurasa wa 412.

Kando yangu alisimama mama mmoja mtu mzima. Miguuni pake palikuwa na sufuria mbili, ndogo ndani ya kubwa, zimefungwa kwa leso kuukuu, na harufu ya iliki ilikuwa bado imemganda nguoni. Mahamri yake yalikuwa yamekwisha, yuarudi nyumbani. Akakitazama kitabu, akanitazama mimi.

"Chuo chote hicho wakisoma wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Chasema nini?"

Nikamweleza. Kuna mfalme aliyeuawa na kiti chake kikanyakuliwa. Kuna kijana wa kijijini asiyejua kuwa yeye ndiye mrithi. Kuna giza linaloinuka kutoka kaskazini, na upanga wa kale ambao ndio pekee uwezao kulizuia, na safari ya miezi mingi ya kuutafuta upanga huo. Nilieleza kwa bidii, maana hadithi za namna hii nimezipenda tangu utotoni na si kila siku mtu huniuliza. Alinisikiliza kwa adabu. Feri ilikuwa imesita kuipisha meli ya makontena iliyokuwa ikiingia Kilindini. Meli ilipopita, akauliza:

"Na safari yote hiyo, watu hao hula nini?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na jibu.

Kurasa 412, na sikujua.

Hakunicheka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa kuwa mwenye duka hayupo. Feri ikagusa ng'ambo, watu wakaanza kusukumana, naye akajitwika sufuria zake akaenda zake.

## Swali likanifuata nyumbani

Nilijiambia kwamba yule mama ameuliza habari ya chakula kwa kuwa chakula ndiyo kazi yake. Seremala angeuliza milango ya ngome ni ya mbao gani. Usiku huo nikakifungua kitabu, nikasoma ukurasa wa 413, nikasoma wa 414, nikakifunga.

Sikukifungua tena kwa wiki tatu.

Kilichonisumbua si kwamba kitabu kilikuwa kibaya. Mwandishi alijua kazi yake, sentensi zake zilikuwa safi, vita vyake vilieleweka. Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa na hamu ya kujua kitakachotokea. Upanga ungepatikana au usingepatikana. Kijana angetawazwa au angekufa njiani. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo, na msomaji aliye tayari kwa lolote hajali chochote.

Kwanza nilishuku ugeni. Misitu ya misonobari, theluji, mabwana waliovaa manyoya. Labda nimefikia umri wa kuchoka na baridi nisiyoijua. Lakini shaka hiyo haikukaa. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, tukikaa Majengo, nilinunua kwa mwuza vitabu vya mitumba nakala ya The Lord of the Rings isiyo na jalada. J.R.R. Tolkien alikitoa kitabu hicho kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955; yangu ilikuwa zote tatu katika kitabu kimoja, kizito kama tofali. Nilikisoma dirishani mchana na kwa taa ya mafuta stima ilipopotea. Theluji sijaiona mpaka leo. Hata hivyo nilipanda na wasafiri wa kitabu hicho mlima uliowashinda kwa theluji, na nilihisi baridi, Mombasa, mwezi wa pili, shati limenilowa jasho.

Basi ugeni hauna kosa.

## Ramani

Nilimpelekea swali hili rafiki yangu ambaye husoma kuliko mimi. Tulikuwa barazani Kibokoni, kahawa chungu mkononi, magharibi imeshapita.

"Mimi hununua kwa ramani," akasema. "Kitabu kisicho na ramani sikigusi."

Nilimwelewa. Nami hupenda ramani, na zaidi hupenda yale majina ya pembezoni ambako hadithi haifiki kamwe. Tulipokuwa watoto tulisimama Bandari ya Kale kutazama majahazi, tukitaja majina: Lamu, Pemba, Unguja, Maskati, Bombei. Hatukuwa tumefika hata mahali pamoja. Majina yenyewe yalitosha kuirefusha bahari.

Na majina ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford, na alianza kubuni lugha kabla ya kubuni watu wa kuzisema. Ndiyo maana majina yake yana undugu. Taja Pate, Siyu, Faza, Shela, na hata mgeni atahisi yametoka kinywa kimoja. Sikio hulijua jambo hili bila kufundishwa, na hulijua pia pale mwandishi anapookota jina hapa na jina kule ili mradi lisikike la ajabu.

"Lakini hicho chako kina ramani?" rafiki yangu akauliza.

"Kina mbili."

"Na majina?"

"Majina mazuri."

"Basi ubaya wake ni nini?"

Nikamsimulia habari ya yule mama wa ferini. Alianza kucheka, kisha akanyamaza. Akaweka kikombe chini.

"Sam alitupa sufuria," akasema.

Tukatazamana. Zaidi ya miaka ishirini imepita tangu tukisome kile kitabu cha Tolkien, kila mtu kwao, na sote wawili tuliliona shimo lile lile.

## Sufuria za Sam

Kwa asiyeikumbuka sehemu hiyo: Sam ni mtunza bustani aliyefuatana na bwana wake Frodo katika safari ya kuiangamiza pete ya adui, yenye nguvu za giza. Ametoka nyumbani na vyombo vyake vya kupikia mgongoni. Sufuria mbili za kina kifupi, ndogo huingia ndani ya kubwa. Mwiko wa mbao, uma mfupi wa meno mawili, vijiti vya kuchomea nyama. Na chini kabisa ya mkoba, katika kijisanduku bapa cha mbao, chumvi, ambayo kila siku inapungua.

Kwa mamia ya kurasa vyombo hivyo ni uzito mdogo tu mgongoni mwa mtu mmoja. Wakifika Ithilien, mlangoni mwa nchi ya adui, Sam anapata sungura wawili, anatafuta majani ya kutia harufu, anapika mchuzi, na anasikitika kwamba hana viazi. Msomaji anakaa nao pale kwenye moto. Hakuna anayepigana.

Kisha wanaingia Mordor, nchi yenyewe ya adui. Maji yanakaribia kwisha. Frodo hawezi tena kubeba chochote zaidi ya pete, na wanaamua kutupa kila kisicho cha lazima. Frodo anatupa ngao na kofia ya chuma bila kugeuka nyuma. Sam anafika kwenye sufuria zake, na machozi yanamlenga. Anazibeba mpaka kwenye ufa wa ardhi, anaziachia, na mlio wake zikigonga mawe gizani unamuuma kama tangazo la msiba.

Nililia hapo nikiwa na miaka kumi na minne, wala sikujua nalilia nini.

Sasa najua. Mtu anayetupa sufuria ameshakubali kwamba hatapika tena, kwa hiyo hatarudi. Hakuna mfalme aliyesimama juu ya farasi akayasema maneno hayo. Yamesemwa na bati linalogonga jiwe. Na sisi tuliokulia katika nyumba ambako kila sufuria kubwa ina herufi za mwenyewe zilizopigwa rangi chini, ili irudi kwake baada ya harusi ya jirani, hatuhitaji kuelezwa kwamba sufuria ni kitu kinachotarajiwa kurudi nyumbani.

## Karamu ya ukurasa wa 90

Hapo nilidhani nimepata jibu, na kwa siku mbili nilitembea nalo nikiwa na raha. Chakula! Mwandishi awape watu wake chakula.

Nikarudi kwenye kile kitabu nilichokiacha, nikakipekua kurasa moja baada ya nyingine. Na ukurasa wa 90 nikaikuta karamu. Vyakula kumi na moja, nilivihesabu, pamoja na bata maji mzima aliyevikwa manyoya yake tena baada ya kuokwa. Kurasa tatu za chakula. Nilizisoma ferini humo humo, tena mwezi uleule, na yule mama aliponiuliza hazikuwemo kichwani mwangu hata kwa harufu.

Jibu langu likavunjika.

Nilikaa na vitabu viwili mezani, ukurasa wa 90 upande huu, sungura wa Sam upande huu. Bata yule hakubebwa na mtu. Hakuna aliyekuwa na njaa alipoletwa. Hakuna aliyemkosa alipoondolewa. Aliletwa ili nijue kuwa mfalme ni tajiri, nikajua, basi. Sufuria za Sam zimetoka nyumbani, zimechosha bega, zimepika mara moja pale ilipohitajika hasa, na zimepotea. Zimesafiri. Ukubwa wa Mordor mimi niliupima kwa sufuria hizo, kwa sababu kichwa changu hakina kipimo kingine cha nchi nisiyowahi kuiona.

Nadhani hapo ndipo yule mama alikuwa ananipeleka. Alikuwa akitafuta pa kuishika hadithi yangu. Nilimpa giza la kaskazini, na giza la kaskazini halina mpini.

## Mkate wa wishwa

Na aibu ni kwamba jambo hili nililijua kabla sijajua kusoma.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia Liyongo, shujaa wa pwani aliyewindwa na sultani wa Pate. Sina haja ya kuisimulia hapa, kila mmoja wetu anayo. Lakini hebu utazame tena ule mkate. Askari wa gereza kila siku hula chakula kizuri kinacholetwa na Saada, mjakazi wa mama yake Liyongo, na kilicho duni humwachia mfungwa. Mama mtu anatia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Tupa hiyo haifichi chini ya sakafu wala haipitishi usiku. Anaituma mchana, mbele ya macho yao, ndani ya kitu ambacho ana yakini hawatakitia kinywani. Shujaa asiyewezwa na majeshi ya Pate anatoka gerezani kwa sababu mwanamke mmoja anajua askari hupenda nini na hudharau nini.

Kisha kile kisima.

Bibi akifika kisimani alikuwa akishusha sauti. Liyongo amechomwa kitovuni na mwanawe, ameinuka na upinde wake, amepiga goti kando ya kisima, nje ya mji, mshale umevutwa, na roho imetoka akiwa katika hali hiyo hiyo. Wamwonao kwa mbali hawajui kuwa amekufa. Bibi hakututajia jeshi wala sultani hapo. Alitutajia mitungi. Huyu amekuja na mtungi wake, amemwona, amerudi. Na huyu. Na huyu. Mtoto analia maji. Siku ya kwanza, siku ya pili. Kama ningeulizwa wakati ule Liyongo alikuwa mkubwa kiasi gani, nisingesema alikuwa na urefu wa kadha wa kadha. Ningesema mji mzima ulikaa na kiu kwa kumwogopa akiwa maiti.

Mtaani kwetu mfereji ulikuwa ukikauka kwa siku kadhaa na mikokoteni ya madumu ikipanda bei. Tuliielewa kiu hiyo vizuri.

## Mvua ya kisiwa kingine

Maji ndiyo yaliyonikumbusha kitabu kingine. Ursula K. Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea mwaka 1968, na dunia yake yote ni visiwa. Ndani yake wanafunzi wa uganga hufunzwa kwamba mvua ukiileta kisiwa hiki, huenda umeiondoa kisiwa kingine. Mwenye nguvu za kweli kwa hiyo husita. Anaweza kuituliza dhoruba, na anakaa kimya na kulowa kama wengine.

Msomaji wa Mombasa hahitaji maelezo marefu. Maji tunayokunywa hapa husafiri kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, na kutoka visima vya Baricho. Kila ndoo imetolewa mahali.

Ninachopenda katika fantasia bora ni kwamba uganga una bei, na bei hiyo hulipwa na mtu unayemjua. Katika kitabu changu cha kurasa 800 yule mganga alivunja mizingiro mitatu kwa kuinua mikono, na kila mara asubuhi yake aliamka mzima. Baada ya mara ya pili sikuogopa tena. Ningeogopaje?

Kuhusu bei nina jambo moja la kukiri, kwa sababu lilinichukua miaka mingi. Mwisho wa safari ya Frodo niliuchukia. Anafika ukingoni mwa moto baada ya mateso yote hayo, na anashindwa. Hatupi pete. Anaidai iwe yake. Gollum, kiumbe aliyekuwa na pete hiyo zamani, anamng'ata kidole, anaichukua, anateleza, anaanguka nayo. Nikiwa kijana niliona mwandishi ameninyima haki yangu: nimetembea njia yote hii, nataka shujaa wangu aitupe kwa mkono wake! Na akirudi nyumbani hawezi kukaa kwa raha, kidonda hakiponi, mwishowe anapanda chombo anaondoka.

Nimekisoma tena mwezi huu. Safari hii sikuona kwamba nimenyimwa kitu. Mzigo ule ulielezwa tangu mwanzo kwamba ni vigumu mno kwa aliye nao kuutupa kwa hiari yake, na mwandishi hakuvunja neno lake ili kunifurahisha. Mwandishi anayeshika neno lake katika dunia aliyoibuni mwenyewe, ambako hakuna wa kumzuia kudanganya, namwamini kwa lolote lingine atakalonieleza.

## Kuhusu urefu

Dada yangu huniuliza kila anaponiona na kitabu kinene: kwa nini kurasa zote hizo? Sikuwa na jibu zuri, na kwa muda nilidhani labda hilo ndilo lililoniangusha ukurasa wa 414. Labda nimechoka na urefu.

Lakini pwani hii haijawahi kuogopa urefu. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1100. Utendi wa Rasi 'lGhuli unapita beti 4000. Watu walikaa wakasikiliza, usiku kwa usiku, wengi wao hawana hata karatasi ya kufuatia.

Waliwezaje? Nimelifikiria hili nikiwa feri, nikiwa jikoni, nikiwa kitandani. Mizani nane kwa mshororo. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake, na kina hicho hubadilika kila ubeti. Lakini mshororo wa nne hurudi kwenye kina kimoja tu, kile kile, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Vita viende mbali vitakavyokwenda, majeshi yafe yatakavyokufa, kila baada ya mishororo mitatu sikio linarudishwa kwao. Unasafiri maelfu ya beti na hukai mbali na nyumbani zaidi ya pumzi tatu.

Riwaya nene inayosomeka hufanya jambo kama hilo. Hatari, kisha nyumba yenye moto na kitanda na mtu wa kusimulia habari za kale. Kisha njia tena. Kile kitabu changu hakikuwa na mahali pa kukaa. Kuzingiwa, kukimbia, usaliti, kuzingiwa. Sikuwa nimechoka kwa sababu ni kirefu. Nilikuwa nimesimama kwa kurasa 414.

## Ferini tena

Nilimwona Jumanne iliyopita, feri ya jioni, upande ule ule. Sufuria zake mbili miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kile chuo umekimaliza?"

"Sikukimaliza. Lakini kiko kingine." Nikamweleza habari ya mtu mmoja, mtumishi, aliyetoka kwao na sufuria zake mgongoni kwenda nchi ya moto na bwana wake mgonjwa. Sikumtajia pete. Sikumtajia mfalme wala giza.

"Sufuria ngapi?"

"Mbili. Ndogo huingia ndani ya kubwa."

Akatazama chini, penye miguu yake.

"Na chumvi je?"

"Alikuwa nayo. Kwenye kijisanduku cha mbao."

"Ehee."

Nikamwambia maji yalivyowaishia, bwana asivyoweza kutembea, na lile shimo. Nikamwambia mtu yule alivyosimama pale, akaziachia, akazisikia zikigonga mpaka chini. Feri ilikuwa imeshagusa. Watu walitupita huku na huku, mwenye mkokoteni akipiga kelele apishwe, naye hakuinama kuchukua mzigo wake.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, mama."

Akakaa kimya kidogo.

"Moja angeiweka," akasema. "Ile ndogo."